Sio "kuamua tu": nilivyoachana na sigara baada ya miaka 14

Nimevuta sigara miaka 14. Nimejaribu kuacha mara nne, tatu za kwanza nikafeli, na kila nikifeli lazima pawe na mtu pembeni anasema "ni kuamua tu, wewe huna msimamo". Hilo neno liliniumiza sana, na liliniharibia pia, maana nilikubali kabisa kwamba shida ni mimi ni dhaifu, kwa hiyo siku ya tatu arosto ikinikaba nasema si unaona, mimi siwezi, nawasha.

Mara ya nne nilianza kwa kuelewa kwanza. Ukivuta, nikotini inapita kwenye mapafu inaingia kwenye damu na ndani ya sekunde 20 hivi ishafika kwenye ubongo, huko inasababisha dopamini kuachiwa, ile kemikali inayokufanya ujisikie poa. Ubongo ukizoea kuletewa hivyo kila siku unaongeza vipokezi, yaani zile sehemu zinazoidaka nikotini zinakuwa nyingi kuliko za mtu asiyevuta, na zote zinataka kulishwa. Halafu nikotini haikai, kila masaa mawili hivi kiwango chake kwenye damu kinashuka nusu. Ndo maana unawasha tena na tena mchana kutwa, na usiku umelala mwili unakaa bila, asubuhi unaamka una hasira na mtu ambaye hata hujamsalimia.

Hapo ndo nilishtuka. Miaka yote nasema sigara inanituliza, kumbe ile kuchafukwa roho ninayoituliza imeletwa na sigara iliyopita kuisha mwilini! Ukitaka kujipima angalia ya kwanza unaiwasha saa ngapi, kama ni ndani ya nusu saa tangu uamke basi uraibu wako umeshakomaa. Mimi nilikuwa nawasha kabla sijanawa uso.

Sasa makosa yangu. La kwanza nilipunguza kienyeji, kutoka 20 kwa siku hadi 8, nikaona nimeweza, lakini hizo 8 nilikuwa naziramba mpaka kwenye kichungi, navuta kwa nguvu na moshi naushikilia ndani, mwili unajitafutia dozi yake ileile. Zile zinazoitwa nyepesi ni hivyohivyo, usidanganyike nazo.

La pili ni kahawa, na hili sijawahi kusikia mtu analisema. Moshi wa sigara unafanya mwili uivunje kafeini haraka, ukiacha kuvuta ile kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mimi nimeacha sigara lakini vikombe vyangu vinne viko palepale, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna, nikajua arosto itaniua na nikarudi. Safari hii nilipunguza kahawa nusu tangu siku ya kwanza na tofauti niliiona.

La tatu nilikuwa na miezi mitano safi, kwenye sherehe nikasema pafu moja tu. Wiki ileile nimerudi kwenye pakiti.

Kilichonisaidia ni kwenda kwa daktari, kitu ambacho nilikuwa naona aibu kukifanya kwa ajili ya sigara. Nilipewa plasta za nikotini, zile za kubandika kwenye ngozi, unaanza na ya miligramu 21, baada ya wiki kadhaa unashuka 14, halafu 7, na chingamu ya nikotini kwa ajili ya hamu za ghafla. Chingamu yenyewe haitafunwi kama za kawaida, unatafuna taratibu mpaka usikie ukali, unaiegemeza kati ya shavu na fizi, ukali ukipotea unatafuna tena. Wapo watakaokwambia si nikotini ileile. Ndiyo ni ileile, lakini inaingia taratibu na haina moshi, na kwenye moshi ndo kuna kemikali zaidi ya 7,000, kadhaa kati yake zinaleta saratani. Shirika la Afya Duniani liliziweka plasta na chingamu hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na 2021 wakaongeza vidonge vya kusaidia kuacha sigara, vareniklini na bupropioni. Vidonge usijinunulie mwenyewe, muone daktari, hasa kama una mimba, kifafa, shida ya moyo au kuna dawa nyingine unakunywa.

Siku ya pili na ya tatu ndo ngumu kuliko zote, jiandae. Hasira, kichwa, njaa, kushindwa kutulia, na zinaisha pole pole ndani ya wiki mbili mpaka nne. Ila hamu yenyewe ikija haidumu, dakika 3 hadi 5 hivi inapita, kwa hiyo mimi sikuwa napambana na maisha yangu yote, nilikuwa napambana na dakika tano. Nilikuwa nampigia dada yangu mkubwa, anapokea anasema "haya niambie mdogo wangu", tunaongea chochote mpaka ipite, wakati mwingine mara sita kwa siku, na hakuwahi kunichoka wala kunihubiria. Tafuta mtu wa hivyo kabla ya siku ya kuacha, sio baada.

Na kama ulikuwa umeacha halafu jana umeteleza ukavuta moja, hujarudi sifuri. Ile pakiti iliyobaki usiiweke kwamba utamalizia ili isiharibike, imwagie maji sasa hivi, endelea na plasta yako kama kawaida, na jiulize ulikuwa wapi na nani ilipotokea ili siku nyingine ujipange mapema.