Maswali ya Wasomaji: Kuhamia Nchi Nyingine na Farasi

SWALI: Kazi ya mume wangu inatuhamisha nchi nyingine miezi minne ijayo. Tuna farasi wawili, jike wa miaka 9 na dume aliyehasiwa wa miaka 14. Nimeshaulizia nafasi kwenye ndege. Baada ya hapo nifuate nini?

JIBU: Dada, ndege iache kwanza. Iandikie idara ya mifugo ya nchi mnayokwenda, upate masharti yake kwa maandishi, kisha hesabu siku kurudi nyuma kuanzia tarehe ya safari. Mwenye kauli ni nchi inayopokea. Daktari wa serikali huko mnakotoka kazi yake ni kuthibitisha kwamba masharti hayo yametimizwa. Andaa chipu (kidude kidogo chenye namba ya utambulisho) iliyopandikizwa shingoni, pasipoti ya farasi, kumbukumbu za chanjo (mafua ya farasi hasa), majibu ya damu, na cheti cha afya, ambacho husainiwa siku chache tu kabla ya kuondoka.

Magonjwa yanayopimwa mara nyingi kwenye damu ni anemia ambukizi kwa kipimo cha Coggins, piroplasmosi (vimelea vya damu), durini (huenezwa kwa kupandana) na glanda (ugonjwa wa bakteria). Piroplasmosi ndiyo inayovunja safari za watu wengi. Huenezwa na kupe, na farasi aliyewahi kuipata anaweza kubaki miaka mingi na kingamwili, ambazo ndizo kipimo hutafuta, huku akionekana mzima kabisa. Marekani, kwa mfano, hupima tena wakati wa kuwasili, na aliyeonekana nayo hukataliwa kuingia. Wapime wote wawili kwa hiari yenu sasa hivi, kabla hamjalipa hata nauli ya mmoja.

Jambo jingine linamhusu huyo jike. Kuna maambukizi ya uzazi yaletwayo na bakteria Taylorella equigenitalis. Farasi jike, au dume asiyehasiwa, aliyezidi siku 731 na anayetoka nchi yenye maambukizi hayo, akiingia Marekani hupelekwa kituo cha pili cha karantini. Jike huchukuliwa sampuli mara kadhaa, na dume hupandishwa kwa majike wawili wa kupimia. Aliyehasiwa haguswi na sharti hilo. Kwa hiyo msishangae wenu wakifika nyumbani kwa wiki tofauti, na bajeti ya chakula na malazi ya kituoni ipangwe hivyo.

Angalieni pia njia mnayopita. Ugonjwa wa farasi wa Afrika husambazwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Farasi aliyekaa au kupita katika nchi yenye ugonjwa huo ndani ya siku 60 hukaa karantini ya siku 60 akiingia Marekani. Kituo kimoja cha kubadilishia ndege kikichaguliwa vibaya, siku chache za karantini hugeuka miezi miwili. Australia nayo hudai karantini kabla ya kuondoka na nyingine baada ya kuwasili, na ina sababu: mwaka 2007 mafua ya farasi yalienea katika nchi hiyo iliyokuwa haina ugonjwa huo, na uchunguzi uliona kuwa huenda virusi vilitoka kituo cha karantini kupitia mtu au kifaa.

SWALI: Pasipoti ya farasi wangu inaonyesha soksi nyeupe (alama ya manyoya meupe) mguu wa nyuma kushoto. Alama iko kulia. Ni kosa dogo?

JIBU: Si dogo. Afisa wa mpakani hulinganisha mchoro, chipu na mnyama, na kimoja kikipishana anaweza kumzuia. Mwombe aliyetoa pasipoti airekebishe kabla damu haijachukuliwa, maana fomu ya maabara hunakili maelezo yaleyale. Siku hiyohiyo chipu isomwe kwa mashine na tarakimu zote 15 zilinganishwe moja moja.

SWALI: Wangu ni mwoga. Je, apewe dawa ya kumtuliza kabla ya ndege?

JIBU: Hapana. Dawa hizo hupunguza uwezo wa kusimama imara, na farasi anahitaji miguu yake yote minne ndege inapopaa na kutua. Pia hupunguza mwendo wa utumbo, na hapo msokoto wa tumbo uko karibu. Dawa ibaki mikononi mwa daktari au saisi (mtunza farasi) mwenye uzoefu anayesafiri naye, kwa dharura.

Cha kufanya ni mazoezi. Wiki sita kabla, mpandishe kwenye trela kila siku mbili, ale humo, asimame dakika 10, kisha 30, kisha azungushwe barabarani. Kizimba cha ndege hubeba hadi farasi watatu. Mwoga aombewe nafasi kando ya farasi anayemfahamu.

Hatari kubwa ya safari ndefu iko kichwani, yaani namna kichwa kinavyofungwa. Farasi husafisha njia yake ya hewa kwa kuinama, kamasi na vijidudu vikatiririka nje. Kamba fupi ikikishikilia kichwa juu, ndani ya saa 6 hadi 12 bakteria huwa tayari wameongezeka katika koo la hewa, na mwisho wake ni nimonia ya safari, ambayo huua. Kamba iwe ndefu kadiri usalama unavyoruhusu, na nyasi zilowekwe ili vumbi lisiingie puani. Barabarani, Umoja wa Ulaya unaruhusu saa 24 kwa sharti la maji kila saa 8. Kwetu saa 8 ni nyingi mno: simameni kila saa 4, toeni maji, legezeni kamba ainamishe kichwa kwa nusu saa.

Farasi wa kilo 500 hunywa kama lita 25 au zaidi kwa siku, na wengi hukataa maji yenye harufu ngeni. Wiki mbili kabla, tia juisi kidogo ya tufaha kwenye ndoo, kisha tumia hiyohiyo njiani kuficha tofauti ya maji.

SWALI: Nitabeba nyasi zake mwenyewe?

JIBU: Nchi nyingi huziteketeza uwanjani kwa sababu ya mbegu na wadudu. Uliza atalishwa nini kituoni, umzoeshe kwa kuchanganya kidogo kidogo kwa siku 10. Matandiko na brashi visuguliwe hadi kusiwe na chembe ya udongo wala unywele.

SWALI: Akifika, nimpande lini?

JIBU: Siku tatu za kwanza atembezwe kwa mkono tu, akiwa na nyasi na maji muda wote. Pima joto asubuhi na jioni kwa wiki nzima. La kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Likizidi, au akikohoa, au akiacha chakula, daktari aitwe siku hiyo, kwa kuwa nimonia ya safari inaweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu. Kazi nyepesi ianze wiki ya pili. Asichanganywe na farasi wengine kwa siku 21, na ndoo zake zisitumiwe na mwingine.

SWALI: Tunatoka kiangazi na kutua katikati ya majira ya baridi. Manyoya yataota?

JIBU: Hayataota kwa wakati. Manyoya hufuata urefu wa mchana, si baridi yenyewe, na huchukua wiki nyingi. Mnunulie blanketi nene na jingine jepesi kabla ya safari, na uongeze nyasi, kwa sababu usagaji wake tumboni ndio unaompa joto.