Kabla hujaandika kwamba mtu amemwacha mwenzake: kwa wakalimani wapya wa Kigoma

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya kijana mmoja mpya kwenye mahojiano ya wakimbizi. Mzee wa Kikongo alisema, "Nyumba niliiacha usiku." Kijana akafasiri, "I abandoned my house at night." Wakati wa chai nikamuuliza kwa nini hakusema "left" tu. Akanionyesha orodha kwenye simu: leave, depart, quit, abandon, desert, forsake. "Kaka, yote maana yake moja, na hili ni zito zaidi."

Chai ilinipalia. Orodha hiyohiyo, enzi zangu ikiwa ndani ya kamusi ya mfukoni, ilinifanya niwaumize watu ambao hawakunikosea lolote. Kwa hiyo wadogo zangu, kaeni tuongee.

1. Daftari na kalamu mbili. Mtu akisema "nilikimbia", sema "I fled", si "anasema alikimbia". Hayo mlishafundishwa.

2. Mjueni "leave" mwenyewe kabla ya kuwatafuta ndugu zake. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilimaanisha kukiacha kitu kibaki, au kumwachia mtu mali. Maana ya kuondoka ilikuja baadaye. Ndiyo maana hadi leo "two are left" ni wawili wamebaki, na "he left us the farm" ni marehemu katuachia shamba. Livu ya kazini ni neno jingine kabisa, lenye asili ya ruhusa, msiyachanganye.

Sasa hao ndugu. "Depart" ni ya ratiba na matangazo ya stesheni. Anayekimbia risasi hana ratiba. "Quit" ni kazi, shule au sigara. "Vacate" ni chumba cha kupanga. "Desert" ni askari aliyetoroka kikosi, au mtu aliyemkimbia mwenzake wakati wa shida. "Forsake" mtalisikia zaidi kanisani. "Abandon", mtu akimfanyia mtu, ni kutelekeza. Liandikeni kwa wino mwekundu: kutelekeza.

Mkitaka kupima, nendeni Kwihara, pale nje kidogo ya mji wa Tabora. Machi 1872 Stanley alimwacha Livingstone pale akarudi pwani. Alimwachia bidhaa, kisha akampelekea wapagazi, na Agosti mwaka huohuo Livingstone akaendelea na safari. "Stanley left Livingstone at Kwihara" ni kweli tupu. Weka "abandoned" na umemzulia marehemu.

3. Kiswahili chetu nacho kina mtego wake. "Nimemwacha mke wangu" inaweza kuwa talaka, inaweza pia kuwa mke yuko nyumbani anakaanga migebuka. Sisi tunajua kwa sauti na kwa mazungumzo yaliyotangulia. Kwa Kiingereza, "I left my wife" ikisimama peke yake, watu wengi wataelewa ndoa imekwisha. "I left my wife at the market", hapo atarudi na nyanya. Kama mtu alibaki kwa sababu hakuweza kuja, ongeza "behind". Na kama hujui alibaki vipi, uliza. Uliza hata kama afisa anaangalia saa.

Mimi sikuuliza.

Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo; kambi na ofisi siitaji. Alikuja mama mmoja na watoto watatu, wametoka ng'ambo ya ziwa kwa boti. Afisa akauliza mume yuko wapi. Mama akajibu, "Nilimuacha kule." Usiku uliotangulia nilikuwa nimeisoma kamusi hadi taa ikaisha mafuta, na "abandon" lilikuwa limenikaa mdomoni kama pipi. Afisa alikuwa mgeni, Kiingereza chake kizuri, nikataka aone kwamba na mimi ninacho. Nikasema, "I abandoned him there." Akaandika. Akaniuliza kama ndoa ilikuwa imekwisha. Nikamjibu mwenyewe, bila hata kumgeukia mama: "Yes." Hilo ndilo linaloniuma kuliko neno lenyewe.

Miezi saba baadaye mume akafika. Alikuwa amebaki kumuuguza mama yake mzazi asiyeweza kutembea. Alipomzika, akavuka. Watoto walimshika suruali hawataki kumwachia. Lakini kwenye karatasi yule mama hakuwa na mume. Wakahesabiwa kaya mbili, kadi mbili, kisha wakaitwa wathibitishe kwamba ni mtu na mkewe. Mkalimani wa siku hiyo nilikuwa mimi.

Afisa mwingine akafungua faili akasoma: "You said you abandoned your husband." Nililitambua neno langu kama fundi anavyoutambua mshono wake. Na kazi yangu ilikuwa kulirudisha kwa Kiswahili, bila kulilainisha. Nikasema, "Hapa imeandikwa kwamba ulimtelekeza mume wako."

Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe. "Baba watoto, mimi?"

Yule baba alivua kofia, akaiweka magotini, akakaa kimya.

Niliomba mahojiano yasimame, nikamwambia afisa kwamba neno lile halikuwa la mama, lilikuwa langu, na ile "Yes" pia. Nilipewa barua ya onyo na niliistahili. Kurekebisha faili kulichukua wiki nyingi za kwenda na kurudi, na wakati wote huo waliendelea kuwa kaya mbili. Siku moja nikaenda kuwaomba msamaha. Baba alinipa kiti. Mama aliniuliza jambo moja tu: "Lakini mwanangu, kwa nini hukuniuliza?" Nilikaa kwenye kile kiti hadi jua likashuka, na jibu sikulipata.

4. "Bibi" kwa ndugu zetu wengi wa Kongo ni mke. Kijana wa miaka ishirini na mbili akisema amemuacha bibi yake Uvira, usikimbilie kuandika "grandmother".

5. "Leave Kigoma" ni kutoka Kigoma. "Leave for Kigoma" ni kuja Kigoma. Herufi tatu hizo zinageuza safari nzima. Niliwahi kumwona binti makini sana akiandika kwamba familia iliondoka Kigoma mwaka 1996, wakati huo ndio mwaka waliofika, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Kama si kuwasomea watu maelezo yao mwishoni, faili lingeonyesha familia imehama kabla haijafika.

6. Kwa hiyo someni. Neno kwa neno, kwa Kiswahili cha mwenye maelezo, kabla hajaweka sahihi wala kidole. Uchovu wa saa kumi naujua, foleni ya nje naijua. Someni tu.

Yule kijana wa wiki iliyopita, nashukuru, hakubisha. Faili lilikuwa bado wazi. Alimwomba afisa dakika tano, akarudi kwa mzee akamsomea: "Mzee, hapa niliandika uliitelekeza nyumba yako." Mzee akashtuka. "Kutelekeza? Hapana, kijana wangu. Nilimwachia jirani. Na mbuzi wangu sita anao yeye."

Kuhusu mbuzi hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kijana akaikata sentensi ya kwanza kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi pembeni, akaandika chini yake: "I left my house and six goats with my neighbour." Mzee akaomba asomewe tena ile sehemu ya mbuzi.