Maswali ya mvuto: watu wa manukato mmerudi tena

Manukato yenye feromoni yanafanya kazi? Yanatangazwa kila mahali.

Hayafanyi. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka. Feromoni ni harufu ya mwili inayomwita mwenzi: nondo jike humwita dume kwa harufu hiyo kutoka mbali, lakini kwa binadamu hakuna feromoni hata moja iliyothibitishwa mpaka leo. Nanyi mnaopenda kunitajia jaribio la Claus Wedekind la 1995 kule Uswisi, lisomeni lote. Wanaume 44 walilala na fulana ileile usiku mbili, wanawake 49 wakazinusa, na kwa jumla wakapendelea za wanaume wenye jeni za kinga ya mwili zinazotofautiana na zao. Waliokuwa wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango walichagua kinyume. Na wanaume wale walikatazwa nini siku hizo? Manukato.

Nimepima uso wangu, haufikii uwiano wa dhahabu, ile 1.618 inayosemwa kuwa kipimo cha uzuri. Nifanyeje?

Rudisha rula ulikoitoa.

Kwenye kioo niko sawa, kwenye picha natisha. Sura yangu ni ipi?

Ya picha, na ndiyo wenzako wanayoipenda. Mimi nina kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kila asubuhi naliona upande wa kushoto wa kioo. Kwenye picha ya pasipoti limehamia kulia, mdomo umepindia upande usio wake, najiona kama ndugu yangu wa mbali ambaye hatuelewani. Mwaka 1977 Mita na wenzake waliwaonyesha wanawake picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kioo kinavyogeuza. Wengi wao walichagua ya kioo, rafiki zao wakachagua ya kawaida. Kila mtu alipenda uso aliouzoea. Robert Zajonc alishaonyesha mwaka 1968 kwamba kukiona kitu mara kwa mara, basi, kunaweza kutosha tukipende.

Halafu simu ikishikwa karibu na uso hunenepesha pua. Anayekwenda kwa daktari wa upasuaji na selfi mkononi anataka kurekebishiwa kamera.

Kuna mtu natamani anitazame. Nianzie wapi?

Onekana. Moreland na Beach, 1992, waliwapeleka wanawake kukaa darasani bila kuzungumza na yeyote: mmoja mara 5, mwingine 10, mwingine 15, na wa nne hakuingia kabisa. Mwisho wa muhula wanafunzi walioonyeshwa picha za wanawake hao walielekea kumwona anavutia zaidi yule aliyehudhuria zaidi. Sasa, nawajua nyinyi: sijasema ukamvizie mlangoni kwake. Asiyekupenda tangu mwanzo, kukuona kila siku humwongezea kero tu.

Tulinasa kwenye lifti nusu saa, mimi na mgeni nisiyemjua. Tangu hapo nikimkumbuka moyo unanienda mbio. Ndiye?

Huenda ni lifti. Mwaka 1974 Dutton na Aron walimweka mwanamke awahoji wanaume kwenye daraja la Capilano, Kanada, linaloning'inia kama mita 70 juu ya mto, kisha awaachie namba ya simu. Kati ya 18 walioichukua, 9 walimpigia. Kwenye daraja imara, la chini, walipiga 2 kati ya 16. Miguu ilitetemeka kwa woga, kichwa kikasoma mapenzi. Kutaneni tena mahali pa kuchosha, kwenye foleni kwa mfano, kisha niandikie.

Jamaa anataka nimkopeshe fedha. Simfahamu sana, lakini ana uso mzuri, wa mtu mwaminifu.

Umeona pua na meno, uaminifu umeuongeza mwenyewe. Karen Dion na wenzake waliwapa watu picha mwaka 1972, na wenye sura nzuri wakasifiwa tabia njema na watu wasiowajua hata kidogo. Matapeli hawakuhitaji kusoma utafiti huo. Andikishaneni mbele ya mashahidi, na akianza kutabasamu, wewe soma tarehe ya kulipa kwa sauti.