Maswali na Majibu: Wastaafu Wawili, Tabora hadi Kigoma kwa Baiskeli

Tangu mvua zilipokatika, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii ni za aina moja: mume na mke waliostaafu wanataka kutoka Tabora kwenda Kigoma kwa baiskeli, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Ninaunga mkono safari ya namna hii kwa moyo wote, na ndiyo sababu sitawapaka wenzangu mafuta kwa mgongo wa chupa.

*Nina miaka 62, mke wangu 58. Tununue baiskeli ya aina gani? – Mwalimu mstaafu, Isevya*

Swali hili hurudi mara kwa mara, na karibu kila anayeliuliza husahau kutaja urefu wake na wa mwenzake, kana kwamba baiskeli ni mkeka wa kumtosha kila mtu. Kwa jumla, Mwalimu, chukueni baiskeli ambayo fundi wa chini ya mwembe kule Nguruka anaweza kuitengeneza kwa vifaa alivyonavyo: magurudumu ya inchi 26 au 28, tyubu za kawaida, na gia chache za kusaidia kupanda vilima. Baiskeli za mtumba zenye matairi membamba na vali inayotaka pampu yake ya pekee zinapendeza macho, lakini tyubu ikipasuka porini mtajuta. Ya mama isiwe ile iliyobaki baada ya baba kuchagua. Apimiwe, aweze kusimama juu ya fremu nyayo zote mbili zikiwa chini. Na kiinua mgongo msikiguse. Baiskeli mliyo nayo nyumbani, fundi akiifungua yote, akasafisha gololi, akaweka grisi mpya na kubadilisha cheni na mipira ya breki, itawafikisha.

*Tuondoke mwezi gani, na tuanzie upande upi? – Ipuli*

Ondokeni kati ya Juni na Agosti, kabla joto la Septemba na Oktoba halijaanza kuwaunguza. Anzieni Tabora, kwa sababu upepo wa kusi wa miezi hiyo hutoka kusini-mashariki na utawasukuma, nao mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari wakati Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi. Asidhani mtu kwamba ni mteremko mtupu, maana baada ya Uvinza kuna vilima vya kupanda na kushuka, na huko kushuka ndiko kunakoua watu wenye breki zilizochakaa. Mkitaka kurudi kwa treni, ulizeni stesheni mapema utaratibu wa kupakia baiskeli, msingoje siku ya safari.

*Je, hatuwezi kwenda usiku kukwepa jua? – Mstaafu, Cheyo*

Hapana.

*Mume wangu hunitangulia mpaka nisimwone, hunisubiri mbele, na nikifika tu anaondoka. Anasema ninamchelewesha. – Mama wa Kiloleni*

Mama, hili ndilo swali kubwa kuliko yote ya juma hili, na ninaomba baba alisome mwenyewe. Tazameni linalotokea: baba anapumzika dakika kumi chini ya mti, mama anafika akihema, na papo hapo baba anakanyaga pedeli. Ikifika alasiri, mwenye nguvu zaidi amekwisha kupumzika mara nyingi na mwenye nguvu kidogo hajapumzika hata mara moja, kisha inasemwa kwamba mama ni mzembe. Nimeliandika mara nyingi na nitaendelea kuliandika: mapumziko huhesabiwa tangu afike wa mwisho, na mwendo hupangwa na mwenye mwendo mdogo.

Kwa hiyo mama atangulie. Baba akae nyuma, ambako ataona mzigo uliolegea na atasikia lori kabla ya mwenzake, na wote wawili wafuatane mstari mmoja upande wa kushoto wa barabara, kila baiskeli ikiwa na kioo cha kutazamia nyuma. Mwendo unaofaa ni ule unaowawezesha kuzungumza bila kuhema. Mkishindwa kumaliza sentensi, punguzeni. Siku za kwanza msizidishe kilomita 40, na msijaribu kufika Urambo kwa siku moja: laleni Ndono, kisha Usoke. Kabla ya yote hayo nendeni Kwihara na kurudi, mara kadhaa, mkiwa na mizigo yote, na huko mtajua kama mnaweza kusafiri pamoja. Nitaongeza hata kama sikuulizwa: mama awe na nusu ya fedha na simu yake mwenyewe, kwa sababu mkipoteana au baba akiugua, yeye ndiye atakayehangaika.

*Tunafikiria kilo 50 kila mmoja, pamoja na jiko la gesi. Inawezekana? – Gungu, Kigoma*

Wapagazi wa Kinyamwezi, vijana waliozoea kazi hiyo, walibeba frasila mbili hivi kwenye njia ya misafara ya Ujiji, yaani kama kilo 32, na nyinyi mna miaka sitini. Kilo 15 kwa baba na 10 kwa mama zinatosha. Jiko liacheni nyumbani, kwani kila mji mdogo una mama ntilie. Mzigo ugawanywe pande mbili na ukae chini, kwa sababu ukirundikwa juu ya keria, spoku za gurudumu la nyuma huanza kukatika, hasa za upande wa cheni. Kwanza utasikia mlio mdogo kila gurudumu linapozunguka, kisha rimu itaanza kugusa breki upande mmoja; shuka wakati huohuo, maana ukipuuza moja zitafuata nyingine. Fungeni spoku kadhaa za akiba kwenye fremu.

*Mbung'o wa Kaliua tuwafanyeje? – Msomaji wa Urambo*

Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au rangi nyingine hafifu, nguo nzito yenye mikono mirefu, na mpumzike vijijini badala ya porini. Mkipata homa baada ya safari, hata wiki kadhaa baadaye, mwambieni daktari mlikopita, kwa sababu dalili za mwanzo za malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hufanana na za malaria.

*Ninatumia dawa za presha. Niziache wakati wa safari ili nisiende haja ndogo kila mara? – Mwanga, Kigoma*

Usithubutu! Muone daktari kabla ya kuondoka umweleze safari yenyewe, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguza maji mwilini na jua nalo litapunguza zaidi. Kila siku beba kinywaji cha kurudisha maji: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

*Wazazi wangu wanataka kwenda. Niwazuieje? – Kijana aliyeko Dar es Salaam*

Usiwazuie, mwanangu. Wanunulie makoti ya kuakisi mwanga, hakikisha kadi zao za bima zinafanya kazi, na mkubaliane saa ya kupigiana simu kila jioni.

*Tukifika kijiji kisicho na nyumba ya wageni tulale wapi? – Ng'ambo*

Nendeni moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mjitambulishe kwa vitambulisho vyenu na muombe pa kulala. Fikeni saa kumi na moja jioni, wakati watu bado wako nje. Huku kwetu jua huzama karibu saa moja, na mgeni anayebisha hodi gizani huwatia wenyeji wasiwasi.