Kofi moja halishonwi nyuzi nne

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, nina mke na watoto wawili, tunaishi Mbagala. Mwezi uliopita tulikwaruzana, nikamzaba kofi moja tu, bahati mbaya akaangukia kona ya kabati, akashonwa nyuzi nne. Mambo yetu ya kawaida ya ndani. Kesho yake akaenda Dawati la Jinsia polisi, na aliyempeleka ni dada yangu wa damu! Nimeitwa kituoni kama kibaka. Sasa mke kahamia kwa huyo dada, kaondoka na watoto na mtungi wa gesi juu. Hawa wa Dawati wanavunja ndoa za watu. Nifanyeje afute kesi turudiane? Mimi nimeshamsamehe. – Baba Wawili"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyumba kuwa kimya. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kofi moja linawasha shavu, halishonwi. Hilo kabati, maskini, limesimama ukutani miaka yote halijamfuata mtu. Halafu neno "kawaida" limekuponyoka. Kitu kilichotokea mara moja hakiitwi kawaida. Na umemsamehe kosa gani? La kuangukia kabati?

Ninavyoona, kinachokuuma zaidi ni dada yako. Siri ya mtungi aijuaye kata. Huyo mmekua naye, hasira zako anazijua tangu hujaota ndevu. Kwetu wifi ndiye hutumwa kumwambia mke, "vumilia, kaka yangu ana hasira za karibu lakini ana moyo mzuri." Ukiona wifi huyo huyo anampandisha mke wa kaka yake bajaji kwenda polisi, basi maneno ya kuvumilia yamemwishia. Niko upande wake, na nifikishie salamu.

Tena nakuapia mkeo hakuanzia Dawati. Alianzia kwa mama yako, akaenda kwa mshenga, akaishia kwa mama yake mzazi, na kote alirudishwa na kanga ya kujifutia machozi. Ndivyo tulivyo. Mwali tunamkalisha mkekani siku saba, tunamfundisha kukanda mgongo na kufunga mdomo, michango ya kicheni pati inatutoa jasho. Bwana harusi nani anamkalisha? Anaulizwa rangi ya suti, basi. Mficha uchi hazai tunausema mtu akiwa na ugonjwa wa aibu. Kwenye kipigo tunaumeza.

Sasa hilo Dawati unalolilaani, mimi nimeshaingia, nikimsindikiza jirani. Hatukuachwa kaunta kusimulia mbele ya walevi na wezi wa simu. Tulipelekwa chumba cha pembeni, askari wa kike akafunga mlango, akamwacha alie kwanza. Jirani alikuwa ameikunja kanga mara nne, kaibana kwenye jicho, na kila alipoitoa aliitazama kama ina jibu. Akaandikiwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, tukaenda nayo hospitali, daktari akajaza alichokiona. PF3 haijui kofi wala kabati, inaandika jeraha. Ziko hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari na afisa ustawi wa jamii wako mahali pamoja, ili mwanamke asirudie aibu yake milango minne. Mle ndani hakuna aliyemwambia jirani yangu amwache mume. Walimuuliza, "Leo utalala wapi?" Sisi wazee wa mtaa tulikuwa tumemkalisha vikao vitatu bila kumuuliza hilo.

Na usiniambie ni mambo ya semina za juzi. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, na kifungu chake cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila isemeje. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Unataka afute kesi. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, mkeo ni shahidi. Kwa hiyo usitume wazee na bahasha, wala usimvizie sokoni. Kumtisha shahidi ni kosa jingine, utakuwa umejiongezea. Ukiitwa nenda, useme ukweli, kabati uliache nyumbani. Kwa afisa ustawi wa jamii nenda bila kuitwa, uombe unasihi wa hasira zako. Baraza la usuluhishi lipo, lakini halikuwekwa kufuta damu, na kurudi au kutorudi ni neno la mkeo. Akikataa, umesikia.

Mama Wawili, kama barua hii imekufikia kwa wifi yako: nakala ya PF3 itunze mahali anapopajua wifi peke yake. Huna pesa ya wakili? TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, wanasaidia bure hapo hapo Dar es Salaam. Ukiwaona, ulizia na matumizi ya watoto, usione haya.

Na wewe baba, huo mtungi wa gesi usiudai. Yeye ana watoto wawili wa kupikia. Wewe mama lishe yuko hapo kituo cha daladala, na ukikaa kwenye benchi lake usianze kumsimulia habari za kabati.