Simu moja, kikundi kizima

SWALI: Shangazi, sisi ni kikundi cha taarab hapa Tanga, watu tisa. Hela ya kamera hatuna. Tuwafikieje mashabiki wetu walioko Muscat?
Mpiga kinanda

JIBU: Mwanangu, simu inatosha, shida ni sauti. Mwaka jana niliwarekodi vijana wangu, simu nikaiweka juu ya spika: besi ikaimeza fidla yote! Rudi nyuma hatua nne, ifunge simu kwenye stuli, dirisha liwe nyuma ya simu, si nyuma ya wapigaji. Wimbo mzima upeleke YouTube. WhatsApp tuma dakika moja tu, mpiga ganuni akikaza nyuzi huku akimteta mwimbaji aliyemaliza chai. Hayo ndiyo watu hurushiana. Bando likibana, punguza ubora wa picha kwenye kamera ya simu: rekodi kwa 720 badala ya 1080. Kwenye kioo cha simu nani ataona tofauti?