Maswali ya Wasomaji: Meli za Anga Kileleni mwa Ghorofa

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ameniuliza kama ni kweli kwamba ncha ya jengo la Empire State, New York, ilijengwa ili meli za anga zitie nanga pale. (Msomaji, Kikuyu, Dodoma)

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Mwaka 1929 ilitangazwa kwamba mnara wa kileleni, wenye urefu wa mita 61 hivi, ungefungiwa meli hizo, yaani maputo makubwa yenye injini, na abiria wangeshuka kwa kijidaraja. Kilichoshinda ni upepo. Wewe unayeishi Dodoma unajua upepo wa kiangazi unavyosukuma mabati. Fikiria basi ule unaogonga ukuta wa ghorofa na kupanda juu kwa kasi, ukakuta chombo chenye urefu unaozidi mita 200 kimefungwa pua peke yake, mkia ukiyumba juu ya barabara zilizojaa watu, bila mahali pa kuufunga. Tena, rubani alipotaka kupunguza uzito alimwaga maji aliyobeba, nayo yangewaangukia walio barabarani! Septemba 1931 chombo kimoja kidogo kilijishikiza hapo kwa dakika 3 hivi. Abiria hawakushuka kamwe, na baadaye mnara ukabeba mitambo ya kurushia matangazo.